Sura ya Sita: Uzi, Moto na Dawa

Kiangazi cha Sitalike hakina huruma na kitu chenye unyevu. Mvua zikikatika mwezi wa Mei, hazirudi hadi Novemba. Kufikia Septemba Mto Katuma umebaki madimbwi tu, viboko wamebanana humo na matope mgongoni, na wageni wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi wanawapiga picha wakiwa darajani. Hewa inayoukausha mto huo ndiyo inayonyonya maji kwenye nywele. Mwanamke aliyekwenda saluni Mpanda, mwendo wa kilomita 35 hivi, akarudi na nywele zinazoteleza, wiki chache baadaye anaziona zimejaa kwenye kitana, vipande vifupi vifupi. Atailaumu dawa. Atamlaumu msusi. Wapo wanaolaumu jicho la jirani.

Dawa ina lawama yake, lakini haiko peke yake. Kuna njia tatu ambazo mtu anaweza kunyooshea nywele nyumbani: uzi, moto na dawa. Zinatofautiana kwa kina cha kile zinachovunja ndani ya unywele, na tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kupanga ipi itangulie. Hoja ya sura hii ni kwamba tumezipanga kinyume. Tunakimbilia dawa kwanza, moto tunaufanya wa kila wiki, na uzi tunauona ushamba. Kwa anayeishi Sitalike, Nsimbo, Inyonga au mji wowote mdogo wenye vumbi na maji ya kuteka, mpangilio unaofaa ni uzi kwanza, moto mara chache, na dawa mwisho, tena kwa mtu mzima tu.

Unywele ulivyo

Unywele unaouona kichwani hauna uhai. Kilicho hai ni mzizi ulio ndani ya ngozi, unaosukuma nje karibu sentimita moja na robo kila mwezi. Ukiwa na nywele za sentimita 30, ncha yake imekaa kichwani kwa miaka miwili. Imepita viangazi viwili, imechanwa mara mamia, imeoshwa, imesukwa na kufumuliwa. Ikipasuka haijiungi tena, kwa sababu hakuna damu inayoifikia. Kwa hiyo tangazo linalodai mafuta fulani yanafufua nywele zilizokufa linakuuzia muujiza. Mafuta yanaweza kuupunguzia unywele msuguano na ukavu. Kuuponya hayawezi.

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi zake zimeshikamanishwa na viungio vya aina mbili. Vya kwanza ni dhaifu: maji huviachanisha, joto huviachanisha, na unywele ukikauka au ukipoa vinashikamana upya. Vya pili ni vya salfa, navyo ndivyo vinavyoupa unywele nguvu na umbo lake la kudumu. Hivyo haviachii kwa maji wala kwa joto la kawaida. Dawa ndiyo inayovikata, na vikishakatwa havirudi kama vilivyokuwa.

Nywele zetu za kipilipili zina jambo jingine. Unywele mmoja ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini, si mviringo, umebonyea, na njia nzima unajikunja. Kila kona ni mahali pa kukatikia. Mafuta ambayo ngozi ya kichwa hutengeneza yanashindwa kushuka kwenye kona hizo, kwa hiyo mizizi inaweza kuwa na mafuta na ncha zikawa kavu kama nyasi za Agosti. Mtu huziona nywele hizi ni ngumu, akazichana kwa nguvu, kumbe katika nywele zote ndizo zinazotaka mkono mwepesi zaidi.

Uzi

Jumamosi mchana, barazani. Msichana ameketi kwenye mkeka, mgongo wake uko katikati ya magoti ya mama yake mdogo aliyekalia kigoda. Nywele zimeoshwa, zina unyevu. Kidonge cha uzi mweusi kiko mapajani, na ncha ya uzi iko mdomoni mwa mama.

"Mama mdogo, unavuta sana."

"Tulia, mwanangu. Nikilegeza hazinyooki."

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Kinachonyoosha nywele kwenye uzi ni maji yanayokauka, nguvu za mkono hazina kazi kubwa. Unywele ukilowa, viungio dhaifu vinaachia. Ukikauka ukiwa umeshikiliwa wima, vinashikamana upya katika umbo hilo jipya. Uzi hauna kazi nyingine zaidi ya kuushikilia unywele wakati hewa inafanya kazi yake. Ukiukaza hadi nyusi zipande, hupati unyoofu zaidi. Unachopata ni vipele kwenye paji la uso na maumivu ya kichwa.

Njia yake ni hii. Osha nywele, paka kondishena, zichane na chanuo lenye meno mapana kuanzia ncha ukipanda kuelekea mizizi. Suuza. Zikaushe kwa fulana kuukuu hadi ziache kudondosha maji lakini bado ziwe na unyevu. Paka mafuta kidogo. Gawa mafungu 10 hadi 15, kisha zungusha uzi kutoka mzizini hadi nchani, mizunguko ikikaribiana bila kupandana. Kiangazi, ukizifunga jioni utazifungua asubuhi. Masika hewa ni nzito, ziache hata siku mbili. Ukifungua kabla hazijakauka hadi ndani, saa moja baadaye zitakuwa zimejikunja na kazi yote imepotea.

Zikifunguliwa zinakuwa ndefu, zimechanua, rahisi kuchana, kubana nyuma au kusukia mtindo mwingine. Hazitateleza kama za dawa. Lakini ukiziosha zinarudi kama zilivyozaliwa, na ushahidi kwamba hujavunja kitu ndio huo.

Ubaya wa kukaza umejulikana muda mrefu. Mwaka 1907 daktari mmoja alieleza jinsi wanawake wa Greenland, waliokuwa wakizifunga nywele kwa kuzivuta juu, walivyopata vipara pembezoni mwa uso. Karne moja baadaye, mwaka 2007, Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake wa Cape Town walichapisha uchunguzi ulioonyesha tatizo hilo hilo kwa karibu mwanamke mmoja kati ya watatu miongoni mwa watu wazima waliochunguzwa. Hatari ilikuwa kubwa zaidi pale nywele zenye dawa zilipovutwa kwa kusukwa. Watu wa Sitalike hawahitaji utafiti ili kulijua hili, watazame tu nywele za mbele za waliosuka rasta nzito mwaka hadi mwaka. Kipele cha kwanza kikitokea kwenye ukingo wa paji la uso, legeza siku hiyo hiyo. Mzizi uliovutwa kwa miezi unaweza kupona. Uliovutwa kwa miaka hufunga kabisa, na nywele hazioti tena pale.

Moto

Moto nao unacheza na viungio dhaifu, ila kwa kasi. Kwa miaka mingi umeme wa Mpanda ulitegemea majenereta ya dizeli, na vijijini hata huo haukufika, kwa hiyo pasi ya nywele ilikuwa ya saluni na ya wachache. Nyumbani kulikuwa na kitana cha chuma na jiko la mkaa. Kitana hicho kilienea Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za mfanyabiashara Madam C. J. Walker (1867–1919), kikasambaa duniani pamoja na magazeti na matangazo ya urembo. Hadi leo kinafanya kazi, lakini kina kasoro moja kubwa: hakikwambii kimepata joto kiasi gani.

Keratini huanza kuharibika vibaya joto likipita nyuzi 200 za Selsiasi. Pasi ya umeme yenye kipimo iwekwe 180 kwa nywele nene za asili, na 150 kwa nywele nyembamba au zenye dawa. Mkaa unaowaka una joto mara kadhaa ya hilo. Kwa hiyo kitana kikitoka jikoni kisiguse kichwa moja kwa moja. Kibane kwanza kwenye karatasi nyeupe ya chooni au kipande cha kitambaa cheupe cha pamba. Karatasi ikigeuka kahawia au ikatoa moshi, subiri, kisha jaribu tena. Ikibaki nyeupe, endelea.

Sheria ya pili: nywele ziwe kavu kabisa. Maji yaliyobaki ndani ya unywele yakikutana na chuma cha moto huchemka humo humo na kutengeneza mapovu yanayoupasua kutoka ndani. Ukisikia mlio wa kuchemka, acha. Sheria ya tatu: mafuta yawe kidogo sana, kwa sababu yanayochuruzika yanabeba joto hadi kwenye ngozi, na majeraha mengi ya masikio na shingo hutokana na hayo. Pitisha mara moja, ikibidi mara mbili, fungu moja moja.

Kalenda nayo ihesabiwe. Kiangazi nywele zilizonyooshwa kwa moto hudumu, kwa sababu hewa haina unyevu wa kuzirudisha. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua moja ya jioni inafuta kazi ya saa mbili, na anayerudia pasi kila baada ya mvua anazichoma nywele bure. Masika ni msimu wa uzi na wa kusuka.

Dawa

Kuna methali inayotumika sana saluni: ukitaka uzuri sharti udhurike. Dada ameketi, dawa imekwisha kupakwa, kichwa kinawaka, naye anauma meno kwa sababu ameambiwa ikichoma ndiyo inafanya kazi. Si kweli. Dawa inafanya kazi kwenye unywele, na unywele hauna hisia. Kinachowaka ni ngozi, na inawaka kwa sababu inajeruhiwa.

Ukali wa kemikali za namna hii hupimwa kwa kipimo cha pH kinachoanzia 0 hadi 14. Katikati, kwenye 7, yapo maji safi. Ngozi yetu iko karibu na 5.5. Dawa ya kunyoosha nywele huwa 12 na zaidi, na kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara kumi ya ile iliyotangulia. Kati ya ngozi na dawa yenye 12.5 kuna tofauti ya mara milioni kumi. Aina moja ya dawa hizi imetengenezwa kwa kostiki soda, ile ile inayotumiwa na watengeneza sabuni. Nyingine huandikwa kwamba haina kostiki. Hiyo huja na chupa mbili za kuchanganya, na wengi huiamini kuwa laini. Lakini watafiti wa Cape Town walipopima dawa za madukani, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2019, waliona kwamba za aina zote mbili, hata zile zilizotangazwa kuwa za watoto, zina ukali wa kuunguza ngozi. Isiyo na kostiki, zaidi ya hayo, huacha chembe za kalisi kwenye nywele, na nywele hukauka upesi.

Kuna habari nyingine ambayo msomaji anapaswa kuijua. Mwezi Oktoba 2022 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba mara mbili na zaidi ya wasiotumia. Kufikia umri wa miaka 70, makadirio yalikuwa asilimia 4 dhidi ya 1.6. Utafiti mmoja hauthibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo, na asilimia 4 bado ni wachache. Hata hivyo unatosha kumfanya mtu apunguze idadi ya safari zake kwenye kopo.

Anayeamua kuweka dawa nyumbani, afuate mpangilio huu bila kuruka.

Hesabu maji kabla ya kufungua kopo. Wengi wanaounguzwa nyumbani huwa wameanza na ndoo moja, muda ukafika, maji yakaisha kichwa bado kina povu. Pale ambapo hakuna bomba, weka ndoo tatu za lita 20 karibu, na mtu wa kukumwagia.

Usioshe kichwa wala kukikuna kwa siku tatu kabla. Kucha zinaacha michubuko usiyoiona, na dawa huiona. Ukiwa na kidonda, mba inayotoa maji au mapunye, ahirisha. Ukifumua rasta, pumzika wiki mbili.

Soma tarehe kwenye kopo na tafuta alama ya TBS, shirika ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia vipodozi nchini. Ukipimiwa dawa kutoka kwenye kopo kubwa, unabeba kitu kisicho na tarehe wala maelekezo. Ile ya chupa mbili ikishachanganywa huisha nguvu ndani ya siku moja, kwa hiyo usiitunze kwa ajili ya mdogo wako.

Changanyia kwenye bakuli la plastiki. Sufuria ya aluminiamu huliwa na kostiki, na kitana cha chuma vilevile kiwekwe mbali.

Paka mafuta ya mgando kwenye ngozi, masikio, shingo na ukingo wa uso. Vaa glavu. Jaribu kwanza kwenye fungu dogo la nyuma.

Weka dawa kwenye nywele mpya tu. Zilizokwisha nyooka hazina haja ya kunyooshwa tena. Dawa ikizigusa mara ya pili na ya tatu, ndipo zinapokatika katikati. Kabla ya wiki nane nywele mpya hazijafikisha hata sentimita tatu, hazitoshi kushikika. Wiki kumi au kumi na mbili ni bora.

Tumia saa. Muda wa kopo ndio muda wako, na unaanza kuhesabiwa tangu ulipogusa fungu la kwanza. Ngozi ikianza kuwaka, toa mara moja hata kama nywele hazijanyooka. Dawa ikiingia jichoni, mwagia maji safi kwa robo saa na zaidi, kisha nenda zahanati. Usipake ndimu wala siki kwenye ngozi iliyoungua.

Suuza hadi maji yatoke meupe, kisha tumia shampuu ya kuzimulia dawa. Nyingi hutoa povu la rangi ya waridi dawa ikiwa bado ipo, na jeupe ikiwa imekwisha. Rudia hadi povu liwe jeupe, rudia tena mara moja. Malizia na kondishena nzito, ukae nayo dakika 20. Pasi isiguse kichwa siku hiyo.

Matunzo ya kati ya wiki

Nywele zikishanyooka, kwa njia yoyote ile, kinachobaki ni maji, mafuta na kitambaa.

Maji kwanza. Kama sabuni haitoi povu kwenye maji ya kisima chako, maji hayo yana chumvichumvi, na sabuni ya kipande itaacha ugaga mweupe kwenye nywele. Masika, kinga maji ya mvua kwenye ndoo safi na suuzia hayo. Osha mara moja kwa wiki, au mara moja kwa wiki mbili ukiwa umesuka. Nywele za asili zichanwe zikiwa na unyevu na kondishena. Nywele za dawa zikilowa hunyumbuka na kukatika, kwa hiyo zisubiri zikauke nusu.

Mafuta baadaye. Mwaka 2003 watafiti wa India walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini. Ya nazi peke yake yalipenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Kwa hiyo chupa ndogo ya nazi iliyosafiri kutoka pwani itumike usiku wa kabla ya kuosha, ambapo ina faida kubwa. Alizeti, inayokamuliwa huku huku, ipakwe baada ya kuosha, nywele zikiwa na unyevu, ili ifunike maji yasikimbie. Mafuta juu ya nywele kavu yanafungia ukavu ndani. Nta ya nyuki, ambayo Katavi haina shida nayo, inalaza vizuri nywele za mbele ikiyeyushwa na mafuta kidogo. Ikizidi inanasa vumbi lote la barabarani.

Kitambaa mwisho. Kanga na kitenge vinazuia vumbi, lakini pamba inanyonya mafuta na kukwaruza. Mwombe fundi cherehani kipande cha bitana inayoteleza, ukishone kofia ya kulalia na ya kuvaa chini ya kilemba.

Wasichana waliomaliza shule

Shule nyingi za serikali huwataka wanafunzi wanyoe. Msichana anamaliza kidato cha nne hajawahi kuosha, kuchana wala kufunga nywele zake zenye urefu wa kidole. Zinapoanza kuota zinamshinda, na anachoshauriwa kwanza ni dawa. Anaziunguza nywele ambazo hajawahi kuzijua. Mama, shangazi, dada mkubwa: mpeni mwaka mmoja wa uzi kabla hajagusa kopo. Baada ya mwaka akitaka dawa, atakuwa anachagua, na mikono yake itakuwa imekwisha jifunza upole.

Anayetaka kuacha dawa naye hana haja ya kunyoa siku moja. Aache nywele mpya ziote, apunguze ncha zenye dawa kila mwezi, na alinde mpaka wa nywele mpya na za zamani, maana hapo ndipo zinapokatikia. Uzi na mabutu ya kulegea vitamvusha.

Na mtoto mdogo asiwekwe dawa, awe bibi harusi mdogo, awe anapiga picha ya sikukuu. Ngozi yake ni nyembamba, muda wake wa kukaa na kemikali hizo ni mrefu kuliko wetu, na hana sauti ya kukataa. Msuke, mfunge uzi, au mnyoe. Nywele zake zitaota tena.